Jina la Dada Kifuani

Kama ulisoma ya wiki iliyopita, unakumbuka tulipomwacha Kalamu: amesimama nyuma ya kaunta ya mapokezi hospitalini, kitambulisho cha mgonjwa mkononi, uso umempauka kama aliyepakwa unga. Kama hukusoma, sogea karibu. Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia, kizito kukibeba.

Mbele ya kaunta kulikuwa na machela. Juu ya machela alilala mwanamke aliyejikunja, macho ameyafumba, mikono yote miwili ameikaza tumboni. Wasamaria walimwokota kituo cha mabasi, alikoanguka mara tu aliposhuka. Hakuwa na mtu. Alikuwa na mkoba wa kitambaa, na ndani ya mkoba, kitambulisho.

Majina matatu yaliyoandikwa kwenye kitambulisho kile ndiyo yale yale matatu yaliyoandikwa kwenye beji ya Kalamu, herufi kwa herufi.

Wala si ajabu. Mwenye jina ndiye yule aliyekuwa anagugumia kwenye machela. Kalamu alikuwa ameliazima tu.

Miaka sita nyuma, hospitali hii ilimwandikia dada yake barua ya kazi. Dada ndiye aliyekuwa na vyeti. Lakini barua ilipofika, dada alikwishaondoka na mwanamume mmoja mwenye maneno matamu. Hakuaga, na vyeti vyote aliviacha sandukuni. Kalamu hakuwa na cheti hata cha kufungia karanga. Shule aliiacha njiani ili amuuguze mama yao. Mama akaitazama barua, akamtazama binti yake mdogo, akasema: nenda wewe, mmefanana kama mapacha, nani atajua?

Dada alipopata habari alituma ujumbe mmoja tu. Litumie, alisema, huku niliko jina langu halina kazi.

Basi Kalamu akabandika beji kifuani. Siku za mwanzo wenzake wakimwita kwa jina lililoandikwa alikuwa hageuki, mpaka wakadhani ana shida ya masikio. Mwishowe wakachoka, wakamwita Kalamu, kwa sababu ya ile kalamu isiyobanduka nyuma ya sikio lake. Jina la utani likamponya. Mama akafa miaka miwili baadaye, dawa zake zimejaa kichwani pa kitanda, zote zimenunuliwa kwa mshahara wa beji ile.

Na sasa mwenye beji amefika.

Mzee msukuma machela, ambaye hospitali nzima inamwita Magurudumu, alikuwa amechungulia kitambulisho juu ya bega la Kalamu.

"Kalamu," akasema polepole. "Huyu ana jina lako."

"Majina yanafanana, mzee wangu."

"Yote matatu?"

Magurudumu akakitazama kitambulisho, akaitazama beji, akarudi kwenye kitambulisho. Halafu akacheka kicheko chake cha mapengo.

"Basi umeletewa somo yako leo. Mhudumie vizuri. Somo ni ndugu."

Kalamu akashusha pumzi. Pumzi yenyewe haikufika mbali.

Alipochapa majina na tarehe ya kuzaliwa kwenye kompyuta, faili likafunguka lenyewe. Lilikuwa faili lake yeye, lile alilofunguliwa siku ya kuajiriwa alipopimwa na kuulizwa maswali ya afya. Kundi la damu: la kwake. Magonjwa ya zamani: hakuna. Mzio wa dawa: hakuna.

Akataka kufungua faili jipya. Kompyuta ikakataa. Mtu huyu tayari yupo.

Msimamizi wa mapokezi, mama mwenye miwani mbili, moja puani na nyingine kichwani, alikuwa anapita na simu sikioni. Akauliza kinachochelewesha. Kalamu akaeleza kwa mkato kwamba anahitaji faili jipya. Msimamizi akasema hakuna mtu mmoja kuwa na mafaili mawili, kwa hilo wamekwishagombezwa mara mbili mwaka huu. Jina lipo, tarehe ipo, nini tena? Jina lenyewe halikumwambia kitu. Kwake yeye Kalamu alikuwa Kalamu.

"Lakini, mama..."

"Mgonjwa anakata roho, wewe unatafuta lakini."

Akainama, akabonyeza mwenyewe. Mashine ikatema utepe wa plastiki. Magurudumu akamfunga mgonjwa mkononi, machela ikakunja kona kuelekea chumba cha upasuaji, milango miwili ikapigapiga nyuma yake na kutulia.

Hapo ndipo Kalamu alipokumbuka sindano.

Dada alikuwa na miaka tisa. Alichomwa penisilini zahanati kwa ajili ya kidonda cha mguu. Kabla hawajatoka mlangoni midomo ikavimba, ulimi ukajaa kinywa chote, pumzi ikawa inapiga filimbi. Mama alimbeba mgongoni akarudi naye ndani mbio, na mganga akasema kwa sauti ambayo Kalamu hajaisahau hadi leo: huyu asichomwe dawa hii tena maishani, mara ya pili haponi.

Na utepe ulioko mkononi mwa dada ulikuwa unasema mzio hakuna.

Akainua simu ya mezani kuita chumba cha upasuaji. Inatumika. Akapiga tena. Inatumika. Mbele yake foleni ilikuwa imefika mlangoni, na mtu wa kwanza, baba aliyeshikilia mkono uliovunjika, alikuwa anamtazama kwa macho ya kuomba. Kuacha kaunta bila ruhusa ni kosa la kuandikiwa barua. Kwa miaka sita Kalamu hakuwahi kuandikiwa hata moja. Anayeishi kwa jina la kuazima hajitakii macho ya watu.

Akamwomba yule baba radhi, akatumbukiza kitambulisho mfukoni mwa koti, akaondoka. Alisikia msimamizi akimwita mara mbili. Hakugeuka.

Mlangoni pa chumba cha upasuaji alisimama muuguzi mmoja mrefu, mwembamba, mwanamke asiyependa maneno. Kalamu akamwambia bila salamu kwamba mgonjwa aliyeingia sasa hivi asichomwe penisilini.

Muuguzi akalitazama faili. Kidole tumbo kimepasuka, akasema, usaha umesambaa, dawa ndiyo hiyo inaandaliwa. Na faili linasema hana mzio.

"Faili limekosea, sista."

"Wewe ni wa mapokezi. Mgonjwa hajafungua mdomo tangu aletwe. Wewe umejuaje?"

Swali lenyewe halikuwa la ubaya. Lilikuwa swali la mtu anayejua kazi yake. Lakini Kalamu aliona kuta mbili za ukumbi zikimsogelea. Akisema anamjua, ataulizwa ni nani wake. Akisema hamjui, sindano inapita.

"Ni somo yangu," akasema.

Muuguzi akamtazama kama mtu anayetazama saa iliyosimama. Akageuka aingie.

"Ni dada yangu," Kalamu akasema. "Tumbo moja. Nilikuwepo siku alipotaka kufa kwa dawa hiyo."

Muuguzi akasimama. Akachomoa kalamu nyekundu, akaandika juu ya faili kwa herufi kubwa, akafungua mlango nusu na kumwambia mtu aliyekuwa ndani abadilishe dawa. Na kundi la damu je, akauliza. Kalamu akasema wampime upya, wasiamini chochote kilichoandikwa mle. Hilo nalo likasemwa mlangoni.

Dada amepona sindano. Lakini muuguzi alikuwa bado hajamaliza naye.

Akamletea fomu. Mgonjwa hawezi kutia sahihi, ndugu wa karibu ndiye atakayeridhia apasuliwe. Jina la mgonjwa lilikuwa limekwishajazwa. Chini yake, mstari mtupu: jina la ndugu.

Kalamu akachukua kalamu yake nyuma ya sikio, akainamisha mkono, na mkono ukagoma.

Akiandika jina la beji, patakuwa na majina yale yale juu na chini, mtu amejiridhia mwenyewe akiwa hana fahamu. Akiandika la kwake, majina mawili ya mwisho yatafanana, maana baba ni mmoja na babu ni mmoja, ila la kwanza litapishana na la kifuani pake. Na beji ilikuwa pale pale, herufi nyeusi juu ya nyeupe, hatua moja kutoka kwenye macho ya muuguzi.

"Dakika ni damu, dada," muuguzi akasema.

Kalamu akaandika jina lake. Lile alilopewa na bibi yake siku ya saba. Alikuwa hajaliandika kwa miaka sita, na herufi zilitoka kubwa na za kujikongoja kama za mtoto wa chekechea. Sahihi yake ya zamani hakuikumbuka, akatia mkwaruzo.

Muuguzi akaisoma fomu. Akaisoma beji. Hakukunja uso.

"Jina la kwanza si hili," akasema.

"Si hilo."

Wakatazamana. Ndani mtu akaita kwamba mgonjwa yuko tayari.

"Kazi yangu ni mgonjwa," muuguzi akasema. "Jina lako ni shughuli yako. Ila karatasi hii haichaniki. Itakaa ndani ya faili hili, na faili hili lina wasomaji wengi kuliko mimi."

Mlango ukafungwa.

Kalamu alirudi kaunta akitarajia radi. Msimamizi hakumkaripia. Alimwambia tu kwa sauti ya chini kwamba anaitwa kwa Afisa Utumishi, sasa hivi, na aende na beji yake.

Ofisi ya Afisa Utumishi ilikuwa ghorofa ya pili. Kalamu alipanda ngazi akihesabu atakachosema. Kwamba vyeti si vyake. Kwamba mama alikuwa anaumwa. Kwamba kwa miaka sita hajapoteza faili hata moja. Alijua kwamba yote matatu ni kweli na kwamba hakuna litakalomsaidia. Aliyekuwa fundi wa umeme pale aligundulika na cheti cha binamu yake, na alitolewa getini katikati ya askari wawili, bado amevaa ovaroli.

Afisa Utumishi, mwanamume mnene wa taratibu, mwenye mazoea ya kupanga vitu mezani kwa mstari, akamwambia aketi. Mbele yake kulikuwa na faili la ajira. Barua ya miaka sita iliyopita ilikuwa juu kabisa.

"Nimelisoma faili lako mwanzo hadi mwisho," akasema.

Kalamu akafumbata mikono mapajani.

"Halina doa. Nimetafuta doa nikakosa."

Akasukuma karatasi mbele yake. Mkuu wa kitengo cha kumbukumbu alikuwa anastaafu mwisho wa mwezi. Uongozi ulikuwa umeamua nafasi hiyo iende kwa Kalamu. Kumbukumbu zote za hospitali, za wagonjwa na za wafanyakazi, zitakuwa chini ya funguo zake.

Kuna habari njema zinazoumiza kuliko mbaya. Kalamu alifungua mdomo. Alitaka kweli kusema, na msimulizi wenu hamtetei, anawaambia tu kilichotokea: neno la kwanza lilikuwa limekwishatoka, "Bosi", simu ikalia. Afisa akaongea, akacheka na mtu wa upande wa pili, akaweka simu chini, akaendelea pale pale alipoachia. Wakuu wa vitengo hupewa beji mpya yenye picha. Kesho saa mbili asubuhi alete kitambulisho chake halisi cha uraia. Kwenye faili, akasema akipekua, naona nakala tu.

Nakala tu. Ndiyo, kwa miaka sita ilikuwa nakala tu, ile iliyokuwa sandukuni pamoja na vyeti, maana kitambulisho halisi alikuwa nacho dada.

Na sasa kilikuwa mfukoni mwa koti la Kalamu.

Alipokuwa anashuka ngazi alikigusa kwa nje ya kitambaa. Akakitoa. Picha ilikuwa ya zamani. Hata mama mwenyewe angetakiwa kuitazama mara mbili. Hakuna aliyekisoma mkononi mwake ila Magurudumu, na Magurudumu alikwishalitia jambo lile kwenye fungu la mizaha. Kesho saa mbili kinaonyeshwa, saa mbili na robo kinarudi mkobani. Dada hatajua. Ni dakika kumi na tano tu.

Akakirudisha mfukoni, na safari hii akafunga kifungo.

Saa tisa alasiri muuguzi mrefu alipiga simu mapokezi. Amezinduka, akasema. Anamuulizia mtu anaitwa Kitinda.

Hakuna mtu mwingine duniani aliyemwita Kalamu kwa jina hilo. Lilikuwa jina la nyumbani, jina la mtoto wa mwisho.

Dada alikuwa amelazwa kwenye chumba kidogo cha vitanda viwili. Cha pili kilikuwa kitupu. Mashavu yalikuwa yamebonyea, na kwenye kiwiko palikuwa na kovu la zamani ambalo Kalamu hakulijua. Walishikana mikono. Dada akauliza kuhusu mama, ingawa habari za msiba alizipata miaka minne iliyopita. Aliuliza tu kama alizikwa karibu na baba. Kalamu akasema ndiyo. Dada akalia kidogo, kwa tahadhari, kwa sababu ya mshono.

Kisha macho yake yakashuka kwenye beji. Akaisoma, midomo ikisogea.

"Inakukaa," akasema.

Kalamu akaifunika beji kwa kiganja.

Dada akaeleza kwa vipande. Yule mwanamume aliyekwenda naye alikuwa na maneno matamu na mkono mzito. Mwaka jana alimkimbia. Akachukua nakala za vyeti vyake upya kule alikosoma, akaanza kutafuta kazi. Mara tatu aliitwa kwenye usaili, mara tatu alifaulu, na mara tatu, walipoingiza jina lake, walimrudishia karatasi. Wa mwisho alimwambia ashukuru hawakumwitia polisi, kwa kujaribu kula mishahara miwili.

"Kila ninapokwenda naambiwa nimekwishaajiriwa," akasema. "Nimelala njaa, Kitinda, na huku nina kazi hospitali."

"Mbona hukunipigia?"

"Ningekwambia nini kwenye simu? Nilikwambia mwenyewe ulitumie." Akavuta pumzi. "Nimesafiri siku mbili kuja kulichukua jina langu. Si kwa ubaya. Sina kingine."

Barua ya cheo ilikuwa mfuko wa kushoto, kitambulisho mfuko wa kulia, na alihisi vyote viwili kama mawe. Akirudisha jina, hana kazi, na huenda hana hata uhuru. Asiporudisha, huyu aliyelala hapa ndiye atakayebaki nje ya kila mlango mpaka afe.

"Kitambulisho changu kipo?" dada akauliza. "Walisema kimebaki mapokezi."

Mkono wa Kalamu ukaenda mfukoni, ukafika kwenye kifungo, ukakaa hapo. Aliweza kusema kimepotea. Vitambulisho hupotea kila siku.

Akafungua kifungo. Akakiweka kwenye kiganja cha dada yake, akamfunga vidole juu yake, kimoja kimoja.

Mlango ukagongwa, ukafunguliwa kabla hawajaitikia.

Alikuwa Afisa Utumishi. Mkononi alikuwa na mfuko wa machungwa. Kila alasiri kompyuta humletea orodha ya wafanyakazi waliolazwa, naye huenda kuwajulia hali, ndio utaratibu wake wa miaka. Leo orodha ilikuwa na jina moja. Jina ambalo saa chache zilizopita alikuwa amelipandisha cheo, likiwa na afya njema, limeketi kwenye kiti mbele yake.

Alidhani kompyuta imekosea. Sasa alisimama katikati ya chumba, akausoma utepe wa mgonjwa, akaisoma beji ya aliyekaa. Akaweka machungwa kwenye kitanda kitupu, akalichukua faili lililoning'inia miguuni pa dada, akalifunua. Karatasi ya kwanza ilikuwa fomu ya ridhaa. Aliisoma muda mrefu kuliko maneno yaliyokuwemo.

"Jina hili," akasema, akionyesha beji kwa kidole bila kuigusa. "Ni la nani kati yenu?"

Kalamu alijua kwamba dada amesafiri siku mbili na tumbo linalooza ili aje ajibu swali hilo hilo. Akamwonyesha dada yake.

"Ni lake," akasema.

Na wakati ule ule, kutoka kwenye mto, sauti dhaifu ikasema neno lile lile. Dada alikuwa ameinua mkono wenye utepe, na kidole chake kilikuwa kimemwelekea Kalamu.

"Ni lake."

Afisa Utumishi akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. Akaenda mlangoni, akaufunga kwa ndani, akavuta kiti, akaketi kati yao.

"Basi mmoja wenu humu ndani hana jina," akasema. "Tuanze na huyo."